Miezi minne ya lindy hop ngazi ya pili, Kilimani, Nairobi: uzoefu wangu

Nilikuwa nimekwama mwaka mzima kwenye lindy hop, dansi ya watu wawili inayochezwa kwa jazi ya swing. Hatua za msingi nilizijua, mizunguko kama kumi na mitano nilikuwa nayo kichwani, lakini wimbo ukifika mapigo 180 kwa dakika nilianza kumvuta mwenzangu kwa nguvu hadi bega linamuuma. Darasa nililotoka lilitupa mtindo mpya kila wiki, nasi tukadhani huko ndiko kuendelea. Mkono wangu haukuwahi kurekebishwa na mtu.

Hili la Kilimani (Alhamisi, saa kumi na mbili unusu jioni, shilingi 800 kwa kipindi) lilinianzisha upya. Wiki tatu za kwanza tulicheza swingauti peke yake, hatua kuu ya dansi hii: mapigo manane, mnakutana, mnazunguka, mnaachana. Iliniudhi. Wiki ya pili mwalimu akaleta leso. Badala ya kushikana mikono, kila mmoja akashika pembe yake. "Mkono usivute," akaniambia, "uzito wako ndio umwite." Pigo la nane likifika, leso inafaa iwe imenyooka. Mimi nikaivuta mapema, ikamchomoka dada niliyecheza naye. Tukarudia, tukarudia. Mwishowe nikalegeza magoti, nikaegemea nyuma, leso ikanyooka yenyewe, na pigo la kwanza lilipolia dada akaja mbio, mkono wangu haujafanya lolote. Akacheka kwa sauti. Nami nikaomba turudie hapo hapo kabla sijasahau.

Baadaye tulionyeshwa video ya Frankie Manning, mchezaji mashuhuri wa lindy hop, aliyecheza Savoy kule Harlem, New York, ukumbi wa dansi uliofunguliwa 1926. Kiwiliwili chake kimeinama mbele kama cha mkimbiaji. Kwa Mkenya mkao huo hauhitaji maelezo mengi, na ndio ulioniondolea ile tabia ya kucheza nimesimama wima.

Nusu saa ya mwisho hakuna kuhesabu. Wanaweka muziki wa Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi, unacheza hatua mbili tatu unazozijua vizuri, unazikuza na kuzipunguza kwa kufuata ala. Piano ya Basie huacha mapengo mengi; ukijifunza kutulia ndani yake, dansi nzima inapumua. Kwangu hiki ndicho kipande kinachostahili ile 800.

Kasoro zipo. Foleni ya Ngong Road hufanya kipindi kianze na watu wanne, na wanaoongoza huwa wachache, kwa hiyo wanaofuata hungoja zamu. Sakafu ni ya vigae na soli za mpira zinashika: goti la kushoto liliniuma wiki nzima, mpaka nikapeleka viatu soko la Kariokor, fundi akanibandikia soli za ngozi. Hilo wangetuambia siku ya kwanza.

Nimelipia miezi miwili zaidi. Kama hatua za mapigo sita na za mapigo manane bado zinakuchanganya, malizana nazo kwanza, maana hapa hawarudi huko. Na uje na leso yako, za darasa ni mbili tu.