Silikoni au gundi ya PVC? Uzoefu wangu na sifoni iliyokuwa ikimeza hewa

Nafuga fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwenye tangi la vioo hapa Nyalenda, Kisumu. Tangi halikutobolewa, kwa hiyo maji huvuka ukingo kwa sifoni, yaani paipu za PVC zilizopinda juu ya ukingo na kuvuta maji zenyewe zikijaa, yakashukia tangi la kichujio, na pampu ikayarudisha juu. Fundi aliyeiunganisha aliziba viungo kwa silikoni ya vioo. Kwa macho ilipendeza. Lakini kila kukicha nilikuta hewa imejazana kwenye kona ya juu na maji yanapita kwa shida.

Ukimwita fundi, atapitisha kidole kwenye paipu kavu akuambie, "Hapa hapavuji, mzee." Wala hadanganyi. Juu kule, msukumo wa maji ni mdogo kuliko wa hewa ya nje, basi kiungo chenye ufa hakidondoshi hata tone, kinafyonza hewa. Kutafuta unyevunyevu ni kujichosha.

Kwanza nilisogeza jiwe la viputo, lile linalowapa samaki hewa, mbali na mdomo wa sifoni, maana si kila hewa inatokana na kiungo kibovu. Hali ikabaki ileile. Nikaing'oa sifoni, nikaziba mdomo mmoja, nikaizamisha kwenye beseni na kupuliza kupitia ule mwingine. Viputo vilitoka kwenye elbo zote mbili, yaani viungo vya kona, na pale unapoingia mrija mwembamba wa kunyonyea hewa itoke ili sifoni ianze.

Silikoni ni mali safi kwenye kioo. Kwenye PVC niliivuta kwa ukucha ikabanduka kama utandu wa maziwa.

Gundi ya PVC nilinunua duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Hii huyeyusha kidogo ngozi ya plastiki, vipande viwili vikashikana vikawa kimoja. Piga msasa, pangusa vumbi, paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, kisha shikilia. Fungua madirisha na usiwe karibu na jiko: harufu yake inapanda kichwani na inashika moto upesi. Niliiacha ikauke siku nzima, nikaisuuza vizuri kabla ya kuirudisha kwa samaki.

Ubaya wake ni kwamba kiungo hakifunguki tena. Ukikosea kipimo, unakata kwa msumeno. Pia haishiki mpira wa silikoni, kwa hiyo kwa ule mrija mwembamba nilitoboa elbo tundu dogo kuliko mrija wenyewe, nikauvuta ndani ukabana.

Sasa kona ya juu imejaa maji, na stima ikipotea na kurudi, sifoni inaendelea bila kuguswa. Hata hivyo, tangi la chini silijazi kupita kiasi ambacho la juu linaweza kubeba: sifoni ikikatika usiku, pampu itavuta hadi tangi la chini likauke na sakafu ibaki kavu. Gundi nitanunua tena. Silikoni imebaki kabatini, ikisubiri kioo.