TAHADHARI: Kuna mzee anauza injini za Kobe "zilizofungwa upya". Nimepigwa, na injini ya baba imeenda nayo

Naandika usiku huu kwa sababu usingizi hauji. Jamani, nimepigwa. Milioni tatu na laki mbili taslimu, na juu yake injini ya baba. Naona aibu hata kuandika, maana wengi mmekuwa na mimi tangu siku tulipolivuta lile Volkswagen Kobe la baba kutoka chini ya mwembe, mkanielekeza bure, wengine mkanitumia spea bila kutaka hata nauli ya basi. Na wawili mliniambia waziwazi: "Dada, usinunue injini ya mtu. Tafuta pistoni, ufungue ya baba yako." Niliwasikia, sikuwasikiliza. Naomba mnisamehe.

Habari za sakafu mnazijua, breki mnazijua, na ile vita ya nyaya za umeme mliishuhudia wenyewe. Ilikuwa imebaki injini tu. Ile ya baba, ya cc 1300, silinda ya tatu ilikuwa imekufa, ile ile ambayo kwenye gari hizi hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na kipoza oili. Ndipo nikaona tangazo: "Injini ya Kombi 1600, imefunguliwa yote na kufungwa upya, haijatembea hata kilomita moja. Inaingia kwenye Kobe bila kubadilisha kitu."

Nikapiga simu. Sauti ya mtu mzima, ya upole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari lako la mwaka gani?"

Nikamwambia 1969. Hakusita: "Basi hilo ni volti 12, flaiwili yake ina meno 130. Halitakusumbua." Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekaa sakafuni na chaki nikiyahesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, moja moja, na kweli yalikuwa 130. Nikajiambia, huyu ni fundi. Tapeli atajulia wapi meno ya flaiwili?

Akaniuliza kama najua Kobe lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara ngapi. Nikataja 1953 na 1954, akamalizia yeye: "Na 1957, na 1962." Hayo ndiyo maneno ya baba. Baba alikuwa akiitaja miaka hiyo minne kila tunapopanda mlima na gari linahema, kama mtu anayemtia moyo punda. Kuisikia kwenye simu, kwa sauti ya mzee wa rika lake, ilinivunja nguvu kabisa.

Halafu nikajitolea kutuma laki mbili ili asimuuzie mwingine. Alikataa! Akasema, "Mwanangu, usitume hela kwa mtu ambaye hujamwona. Njoo uisikie ikiwaka, ukiridhika ndipo tuongee." Wenzangu, hapo ndipo aliponimaliza. Miaka yote tumefundishana kwamba tapeli huomba hela ya awali. Huyu alinikataza kuituma. Ningemshukuje?

Akaongeza kwamba ile injini yangu ya zamani niende nayo, atanipunguzia laki nne, kwa sababu yeye anahitaji bloku. Kutoka milioni tatu na laki sita ikawa tatu na mbili. Nikaona nimepata.

Tulikubaliana Jumamosi saa nne asubuhi, Arusha. Nikakodi kirikuu hapa Moshi, tukapakia injini ya baba, watu wanne tukiinyanyua, nikaifunika na turubai. Tuko njiani, akapiga simu: yuko msibani, tusubiri kidogo. Tukasubiri. Saa nane akasema bado wanazika. Tulimwona saa kumi na mbili kasoro, jua linazama. Alikuja na ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi, lakini kucha zina grisi ya kweli, grisi ya miaka. Akaomba radhi kwa kuchelewa mpaka mimi ndiye nikaona haya kumsumbua akiwa na msiba.

Injini ilikuwa uani kwenye banda, imelazwa juu ya matairi mawili ya lori, imefungwa kwenye gia boksi kuukuu ili stata ipate pa kushika. Petroli kwenye chupa ya maji imening'inizwa kwenye msumari, mpira mwembamba unashuka mpaka kwenye kabureta. Betri chini. Bloku nzima imepigwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria mpya. Nikainama nikaigusa kwenye silinda, kabla hajaiwasha.

Ilikuwa ya moto.

Naomba msome tena hapo. Niliigusa kwa mkono wangu huu, ilikuwa ya moto, na bado nilitoa hela. Nilipomuuliza, akasema, "Niliiwasha asubuhi nikikusubiri." Asubuhi! Na sasa magharibi! Injini isiyo na maji, inayopozwa na hewa tupu, itabaki na moto kutwa nzima? Na mtu aliyeshinda msibani? Lile swali lilinijia, likafika kooni, nikalimeza, kwa sababu mzee alikuwa ameshagusisha waya kwenye stata na injini ikawaka hata kabla sijanyooka.

Ule mlio. Mnaoujua mnaujua. Cherehani kubwa, na lile fiii la feni juu yake. Mara ya mwisho kuusikia nilikuwa kidato cha pili, baba ananipeleka shule. Nilisimama pale bandani machozi yananitoka, na yule mzee akaweka mkono begani kwangu akasema, "Ndiyo yenyewe mwanangu." Aliona kila kitu. Alijua kabisa kwamba dakika ile ningesaini karatasi yoyote.

Akaizima baada ya dakika mbili hivi. Akachukua simu yake, akawasha tochi, akaelekeza chini ya stendi ya dainamo penye namba. Herufi B, kisha tarakimu. "B ni Kombi 1600," akasema, na mimi nilijua kwamba ni kweli, nilikuwa nimesoma. Tochi alishika yeye. Aliiondoa yeye.

Hela nilihesabia kwenye kiti cha kirikuu. Akazihesabu mara mbili, kisha akanirudishia noti moja: "Umezidisha elfu kumi, mwanangu." Sasa hivi sijui hata kama nilizidisha kweli au aliitoa mfukoni mwake. Elfu kumi ndiyo iliyonunua milioni tatu. Akaniandikia hati ya mauziano, jina, saini, tarehe. Jina lile si lake. Tukaishusha injini ya baba, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempokea ng'ombe, nikaondoka nimefurahi.

Jumanne jioni tulikuwa tumeifunga. Nikaiwasha ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ukajaa uani mpaka jirani akaja na ndoo akidhani tunaungua. Ndani inagonga kama mtu anapiga mlango. Fundi wangu akasema tuiache ipate moto labda itatulia. Na kweli ilipopata moto kidogo ilitulia, ndipo nikaelewa kwa nini niliikuta ya moto. Lakini kila nilipokanyaga klachi ilikuwa inagugumia, inataka kuzima. Dakika ya kumi na moja taa ya oili ikawaka nyekundu. Nikakanyaga klachi mara moja tena. Kraa. Ikafa.

Tuliishusha usiku uleule, nati nne tu, mnajua. Nati ya flaiwili tukaifungua na boksi ya 36 na bomba la mita moja na nusu, mimi nimesimama juu ya bomba. Nyuma ya flaiwili kuna vile vibati vyembamba vya duara vinavyozuia krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, isicheze mbele na nyuma. Vinatakiwa vitatu. Vilikuwa vitano. Viwili vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Sitanii. Kimoja kilikuwa bado na maandishi ya kopo, herufi mbili na nusu, nyekundu. Kingine kilikuwa kimesagika, na vipande vyake tulivikuta kwenye chujio la oili na kwenye beringi. Krenki inatakiwa icheze kati ya milimita 0.07 na 0.13, ikipita 0.15 ni mgonjwa. Hii ilikuwa inaenda na kurudi zaidi ya milimita nzima, unaona kwa macho. Kumbe lile gia boksi kuukuu halikuwa la kushikia stata tu, lilikuwa linaficha flaiwili. Na lile kopo la maziwa lilikatwa lidumu dakika za mteja, basi.

Oili iliyotoka ilikuwa nzito kama asali, amechanganya oili ya gia ili kuzima kelele. Pistoni tukazipima upana: milimita 77. Ya 1600 ni 85.5. Hiyo ni 1300! Nimetoa 1300 ya baba na milioni tatu na laki mbili, nikapewa 1300 iliyokufa kuliko ya kwetu. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikasugua penye namba. Rangi ya fedha ikatoka, chini yake mikwaruzo ya grainda, na ile B imegongwa kwa mkono, imelala upande.

Simu yake haipatikani tangu Jumatano. Nilirudi Arusha. Mwenye banda anasema mzee aliomba nafasi kwa siku mbili tu na alimlipa. RB ya polisi ninayo. Na nasema hivi mbele yenu wote: mtu huyu akamatwe, afungwe, na kabla ya kufungwa arudishe. Si mwizi wa njaa huyu. Mwizi wa njaa anaiba betri usiku anakimbia. Huyu alikaa chini na mkasi na kopo, akakata duara zuri kabisa, akijua kuna mtoto wa mtu atakayelilia ule mlio. Angetumia ufundi ule kufunga injini kwa haki angekuwa tajiri. Anatumia mvi zake, "mwanangu" yake, na kumbukumbu za wazazi wetu waliokwisha lala. Anayemjua na anamficha, ajue naye yumo. Anayemnunulia zile bloku, ajue naye yumo. Sitaki kuambiwa nimwachie Mungu. Mungu nimemwambia tayari, sasa nawaambia ninyi.

Mtaniuliza dalili za injini ya namna hii. Injini uikute ya baridi, ukiikuta ya moto geuza gari urudi. Nenda mchana na tochi yako mwenyewe. Namba isuguliwe na petroli, na anayekataa usuguzi ana sababu. Shika puli ya krenki kwa mikono miwili uivute na kuisukuma, ukisikia tak-tak acha, ila kwangu hata hilo lisingeonekana kwa sababu ya yale makopo, kwa hiyo mwambie afungue flaiwili, na asipotaka basi. Chomoa kijiti cha oili, ikinata kama asali ondoka. Rangi mpya kwenye bloku, jiulize inafunika nini. Ile haikuwa hata na mabati yote ya kupozea, mawili ya chini hayakuwepo, fundi wangu ndiye aliyeniambia baadaye. Nenda na fundi. Mimi nilienda na dereva wa kirikuu. Na usitoe injini yako ya zamani. Usiitoe, hata kama imekufa, hata akupunguzie milioni.

Kwa sababu hela nitaitafuta. Kadi ya gari ina namba ya injini ya baba, na injini haipo. Miaka yote baba alilitunza vile, hakuwahi kubadilisha hata dainamo.

Kwa hiyo naomba kila mwenye Kobe, kila mwenye gereji, Arusha, Moshi, Tanga, Dar, na ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa: ni 1300, tundu moja la hewa kila hedi, namba inaanza na F. Namba nzima nimewapa polisi, na nitampa atakayeniambia ameona kitu. Huenda yule mzee ameshaisaga hiyo namba, basi angalieni bati la feni, upande wa kushoto. Kuna kibonyeo cha ukubwa wa yai, jeki ilipoteleza mwaka 1988, na baba alikipaka rangi ya samawati ya gari kwa brashi, unaona mistari ya brashi mpaka leo. Ukiiona, usimwambie anayeiuza. Mpe shikamoo yake, muulize bei, kisha unitafute mimi.