Vesti yangu ya Camaïeu ya chaguwa ya Kadutu, tangu 2017 bado iko nguvu

Hii vesti, ni kusema koti, ya Camaïeu, kampuni ya nguo ya Ufaransa, niliinunua 2017 kwa chaguwa, nguo za mitumba, kwa soko ya Kadutu hapa Bukavu, Congo, 3 dola. Mama wa chaguwa alikuwa ametoka kufungua balo, ile furushi kubwa ya nguo, watu wamejaa, mimi nikavuta mukono moja mweusi, nikaona kitambaa cha ndani kiko kizima, basi nikashikilia sikuachia tena. Mpaka leo ninaivaa kazini na kwa misa. Rangi haijapauka, fundi ameigusa mara moja tu, kurudisha kifungo. Ninaipa 9 kwa 10, ile moja nimetoa juu ya mifuko, ni midogo sana simu haiingii.

Mwaka jana nikasema acha nami nivae kitu kipya, nikanunua kanzu, gauni, kwa butiki moja ya mujini, 15 dola. Kufua mara tatu ikavutika upande, na mshono wa kwapa ukafunguka niko mbele ya watu kwa ndoa ya mdogo wangu. Iliniuma kweli, ile pesa niliiweka kidogo kidogo.

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, mwenye anaishi Ufaransa ndiye alinielezea Camaïeu. Ilianza 1984, maduka ya wanamuke wa kawaida, nesi, mwalimu, bei ya kuweza, ikafika maduka zaidi ya 500. Korona ikaiangusha 2020, ikauzwa, halafu mwezi wa 9 2022 korti ya Lille ikaifunga, watu kama 2,600 wakakosa kazi. Tati nayo, duka ya bei ya chini ya Barbès kule Paris, ya tangu 1948, ile ya mifuko ya pink na nyeupe yenye watu walirudia nayo toka Paris, imekwisha. Yaya anasema siku hizi wengi wanaagiza kwa simu nguo ya bei ya chini kabisa, wanavaa mara mbili wanatupa.

Na hizo za kutupa ndizo zinatufikia. Mama wa Kadutu analipa balo imefungwa, haoni ndani, akifungua anakuta vitambaa vyepesi unaona mukono upande wa pili, na hasara ni yake na watoto wake. Hiyo inaniumiza kuliko kanzu yangu.

Kama unaenda, geuza nguo ndani nje kwanza, vuta mshono, usiangalie rangi. Mama wangu wa chaguwa akipata nguo ya etiketi ya zamani ananiwekea chini ya meza, juzi ilikuwa shemizi (shati) nyeupe, 4 dola, sikubishana bei.