Shokapu fupi au ndefu? Baskeli mbili nilizozipanda Unguja na Pemba

Nianze na kosa langu, maana ndio lilonifunza. Mwaka jana nilinunua baskeli ya milima yenye shokapu ndefu, inazama milimita 160 mbele na 150 nyuma, na sababu yake wallahi ni video tu. Unakaa usiku unaangalia watu wa Whistler kule Kanada wanaruka majabali, unajiona na weye utashuka hivyo hivyo, unasahau kama unakaa Fuoni na kilima chetu kirefu kuliko vyote Unguja nzima ni Masingini, mita 120 tu, ukiondoka juu ukapiga chafya mara mbili ushafika chini.

Kwa asiejua, fupi na ndefu hapa sio urefu wa baskeli, ni kiasi gani shokapu inazama ukigonga kitu. Zinazozama milimita 100 mpaka 120 hizo fupi, za mbio na za kupanda. 130 na 140 za katikati. Kuanzia 150 mpaka 170 za kuteremka milima ya watu, na zile za 200 za kuteremka tu hata tusizitaje, hapa utaipakia juu ya daladala uipeleke wapi. Sasa ndefu haiji peke yake, inakuja na fremu nzito na tairi nene na uma (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) uliolala mbele kama pikipiki ya sinema. Yangu uma wake umelala nyuzi 64. Fupi nilioipata baadae (120 mbele, 115 nyuma, mtumba, nimeuziwa na mgeni mmoja aliekuwa anarudi kwao) ni nyuzi 67 na kidogo. Nyuzi tatu unaweza kusema si kitu, subiri tufike Pemba.

Nilizipima zote mbili kwenye mizani ya karafuu ya ami yangu Wete, ile ya kuning'iniza. Ndefu kilo 15 na nusu, fupi 12 na robo. Ami akaziangalia zinavyoning'inia pale akanambia, "Sasa mwanangu hio pishi ya mchele na ushei unaibeba ya nini, na hupiki?" Sikuwa na jibu.

Basi Unguja kwanza. Wazee wetu ardhi walishaigawa zamani, kuna mchanga, kuna kinongo, kuna kinamo, na kuna uwanda, na miye nakwambia ukitaka kuchagua baskeli hapa acha kusoma mambo ya Ulaya, jiulize tu unapanda zaidi kwenye udongo gani. Kinongo cha Kitope au Donge huko ni raha tupu, njia nyekundu imekazana, hapo hata baskeli yenye shokapu ya mbele peke yake inatosha na inabaki. Kinamo wakati wa masika usiingie na baskeli yoyote, unaganda baina ya tairi na fremu mpaka gurudumu halizunguki, na ndefu yangu na tairi lake la inchi 2.5 ndio ilokuwa mbaya zaidi maana nafasi ya kupita tope haipo. Niliibeba begani, kilo 15 na tope lake.

Lakini uwanda ndio wenye maneno. Huku kwa upande wa Charawe na Ukongoroni, na kule kusini Makunduchi, ardhi ni matumbawe matupu, vichaka juu na jiwe chini, na jiwe lenyewe sio kubwa, ni dogo dogo lenye meno. Sasa mtu anadhani mawe maana yake shokapu ndefu. Na kweli siku ya kwanza nilifurahi, baskeli inameza kila kitu, mikono haiumi. Siku ya pili nikaanza kuona, mbona nakanyaga na siendi? Kila nikikanyaga yeye anacheza chini, nguvu yangu ya miguu inaishia kwenye shokapu badala ya kwenye cheni. Ukiifunga ile lokauti yake, swichi ya kuizuia isicheze, inakuwa ngumu lakini si ngumu kweli, na ukishaifunga sasa hio milimita 150 umeinunulia nini. Uwanda haukurushi juu, unakutetemesha tu, na mtetemo huo dawa yake ni tairi na upepo wa tairi kuliko shokapu. Hili ndio nilolijua nimechelewa na limenigharimu.

Na tairi ndio lilonifikisha mwisho. Asubuhi moja peke yangu kwenye kijia cha uwanda, nasikia tsssss, natazama chini yale maji meupe ya kuziba yanaruka kutoka ubavuni kidogo halafu basi, yakakatika. Nikafungua, ndani makavu, yamebaki utando kama wa maziwa ya mgando, kwa joto letu miezi miwili tu yashakauka na miye nilikuwa sijaongeza. Jiwe limekata ubavu wa tairi urefu wa kidole gumba. Shokapu ya mamilioni mbele na nyuma na haikunisaidia kitu. Nimeisukuma mpaka nikakutana na mzee na gari lake la ng'ombe kapakia kuni, akanambia pakia. Njia nzima kimya, tumekaribia barabarani ndio akageuka: "Kijana, yani hii ina springi mbele, ina springi nyuma, na bado inabebwa na ng'ombe?"

Tangu siku hio tairi zangu zote zenye ubavu mnene, naongeza silanti, yale maji meupe ya kuziba, kila baada ya wiki nne au tano, na nina kilo 78 natia upepo wa PSI 22 mbele na 25 nyuma, uwandani napandisha mpaka 27. Kama una pesa ya kitu kimoja tu nunua tairi. Sitanii.

Pemba sasa. Miye mtu wa huko kwa hio mtanisamehe nikirefusha. Pemba kisiwa kidogo, urefu wake kilomita 67 hivi, na hakuna kilima cha kutisha, lakini havikwishi. Unateremka bonde la mpunga, unapanda, unakuta msikiti na watoto wanapiga kelele, unateremka tena bonde jengine. Na njia ziko chini ya mikarafuu, maana kile kimbunga cha 1872 kilichofyeka mikarafuu ya Unguja huku hakikupiga hivyo, ndio karafuu ikahamia kwetu. Maana yake kwa mpanda baskeli: mizizi, majani yanayoteleza, makumbi ya nazi, vifuu. Kifuu kilolala kifudifudi chini ya makuti hukioni mpaka gurudumu lishapanda juu yake.

Kuna kijia nyuma ya kwetu kinatoka mikarafuuni mpaka bondeni, ndicho nilichofanyia mtihani. Nimekipanda na zote mbili, mara nyingi, kikavu na kimaji. Kushuka na ndefu ni sekunde 40 hivi na huna haja ya kufikiri, unaachia tu breki, mizizi inapita chini kama haipo, nasema kweli hapo ndefu tamu na yoyote atakaekwambia fupi inashuka sawa na ndefu anakudanganya. Na fupi lazima uchague njia, macho yawe mbali, na siku moja baada ya mvua sikuchagua vizuri, gurudumu la mbele likaenda na mzizi na miye nikaenda na mgomba. Goti lina kovu mpaka leo.

Ila kijia hicho hicho kukipanda kurudi juu ni dakika sita. Hapo ndio zile nyuzi tatu zinapokuja kuonekana. Ndefu ukiipanda mlima pole pole usukani unazurura, unakwenda kulia, unaurudisha, unakwenda kushoto, kama mbuzi aliekata kamba, na njia yenyewe upana wake sahani, huku mihogo huku shimo la takataka. Nikifika juu moyo unataka kutoka. Fupi inapanda imenyooka. Sekunde 40 za raha kwa dakika sita za adhabu, na Pemba ndivyo ilivyo kutoka Wete mpaka Konde mpaka unaingia msitu wa Ngezi, huna mteremko mrefu popote wa kukulipa. Kule Ulaya watu wanapandishwa na lifti au magari halafu wanashuka nusu saa, ndio maana baskeli ile ipo. Haikutengenezwa vibaya, imetengenezewa watu wengine.

Sasa chumvi. Nilikuwa navuka na ile ndefu baina ya Unguja na Pemba mara kwa mara, na safari moja ilikuwa pepo za kusi, boti inaruka, baskeli wameifunga nje mbele inapigwa na maji ya bahari mpaka tunafika, nimelalamika nikaambiwa mzigo ni mzigo. Mwenyewe nikiwa mvivu, sikuiosha kwa maji matamu siku ile. Na kabla ya hapo nilikuwa na tabia ya kuipeleka Paje bahari ikikupwa, mchanga mgumu, unakwenda mpaka Jambiani kama uko kwenye lami. Raha, lakini unaipikia baskeli kwenye chumvi.

Wiki mbili baadae shokapu ya mbele ikaanza kukwaruza. Nikaipeleka kwa fundi Wete, fundi wa baskeli za kawaida hizi za kubebea majani, hajapata kufungua uma wa upepo maishani mwake, lakini mkono wake mwepesi na ana subira. Tukatandika gazeti, akalegeza boliti mbili za chini, akagonga kidogo na nyundo ya mpira, akauchomoa. Kikatoka kitu cheupe kizito, kikajaa kwenye kopo. Akachovya kidole akakinusa. "Mwalimu, njoo utazame. Hii si mafuta hii, hii tui." Na kweli, tui la kwanza kabisa, mafuta yamechanganyika na maji. Vitabu vya shokapu vingi vinataka mafuta yale ya chini yabadilishwe kila masaa 50 ya kupanda, na miye nishamaliza mwaka sijagusa. Tukasafisha, tukatia mapya, sili zenyewe, zile mpira za kuzuia maji yasiingie, nikaagizia, zimekuja baada ya wiki tano.

Hilo lingenipata hata na fupi, sikatai. Tofauti iko nyuma. Ndefu yangu nyuma ina maungio yenye beringi nane, na tulipozifungua tano zilikuwa zimeshika kutu hazizunguki, yani nilikuwa napanda baskeli yenye shokapu ya nyuma ambayo nusu yake haifanyi kazi na sijui. Fupi yangu kule nyuma beringi ni chache, karibu na gurudumu hakuna ungio kabisa, fremu yenyewe ya kaboni inapinda kidogo ndio inaipa nafasi shokapu, na zipo fupi nyingi za namna hio. Vitu vichache vya kuoza. Kwa mtu anaeishi kisiwani hio ni sababu kubwa kuliko milimita zote.

Jengine, na hili naliona kwa vijana wengi waliopata mtumba: shokapu ya upepo haijazwi kwa mashine ya gereji. Ina pampu yake ndogo yenye geji, upepo kidogo lakini presha kubwa, ukiweka ile ya magari unaua sili au inakaa ngumu kama chuma. Tafuta pampu hio, hata mkichanga watatu. Halafu kaa juu ya baskeli na nguo zako na begi lako, usirukeruke, shuka taratibu, tazama ule mpira mdogo kwenye mguu wa shokapu umesogea kiasi gani. Kwenye fupi yangu ya 120 naitaka izame milimita 25 mpaka 30 kwa kukaa tu. Nilionana na kijana Chake analalamika fupi yake inamuumiza mikono anataka ndefu, tukapima, ilikuwa inazama milimita sita. Tukatoa upepo, akaenda zake hajasema tena habari ya ndefu.

Kwa hio nimebaki na fupi, na kama nisingekuwa na kwetu Pemba, ningekuwa mtu wa Unguja tu, wala hio ya nyuma nisingeitaka, ningechukua yenye shokapu ya mbele peke yake ya 120 na pesa ilobaki yote kwenye tairi. Ndefu ningemshauri mtu mmoja tu, yule ambae mikono au mgongo wake una matatizo na hana haraka ya kwenda popote, maana kwa kukaa ni kama kochi.

Ndefu nimeiuza mwezi uliopita hapo hapo Wete, kwa hasara ambayo mke wangu sijamwambia kiasi gani. Alieinunua ana ng'ombe watatu. Siku ya pili tu akaipeleka kwa yule yule fundi achomelee karia nyuma apakie majani, na fundi akanipigia simu, anacheka mpaka hasemi vizuri, ananiuliza, "Mwalimu, karia naichomelea wapi, na huku nyuma kwenyewe kunacheza?"