Kadi za mapigano nilizonunua Dodoma: moja tu imeharibu pakiti nzima

Nilikuja hapa na nia ya kutoa nyota tatu. Nikakumbuka jibu nililopewa, zikashuka hadi mbili. Tuendelee tu, huenda hata hizo zisifike mwisho.

Nazungumzia pakiti ya kadi za uwezo wa mapigano anazotengeneza fundi mmoja hapa mjini kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons toleo la tano (sheria za 2014), mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza shujaa na dadu huamua matokeo ya mapigano. Uwezo wote kautunga mwenyewe. Michoro ni ya mibuyu, upepo na vumbi la huku kwetu, kadi zimevikwa plastiki, hazipindi. Kwenye kuchora sina neno naye.

Neno langu ni kadi inayoitwa Kimbunga. Maandishi yake: ukimpiga adui kwa silaha, papo hapo piga tena, pigo hilo nalo likiingia, piga tena. Basi. Hakuna kikomo, hakuna gharama, hakuna "mara moja kwa zamu". Aliyeandika sentensi hiyo hakushika kalamu akapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya dakika tano.

Chukua mpiganaji wa daraja la 5 mwenye nguvu 18 na upanga wa mikono miwili. Kuona kama pigo limeingia, anajumlisha 7 kwenye dadu ya pande 20. Pigo likiingia ni dadu mbili za pande sita jumlisha 4 ya nguvu, wastani 11. Adui mwenye kinga 15 (jumla unayotakiwa kuifikia ili pigo liingie) anapatikana dadu ikionyesha 8 au zaidi, yaani nafasi 13 kati ya 20, asilimia 65. Mashambulizi ni mawili kwa zamu, kwa hiyo bila kadi anatoa madhara kama 14 kwa raundi. (Ile 20 ya bahati inayozidisha madhara nimeiacha nje. Ukiiweka, aibu inaongezeka.)

Sasa mpe Kimbunga. Kila shambulizi linaanzisha mnyororo wake, na wastani wa mapigo yanayoingia kwenye mnyororo mmoja ni 0.65 gawanya kwa 0.35, karibu 1.86. Minyororo miwili, kila pigo 11: karibu 41 kwa raundi. Karibu mara tatu, bure kabisa!

Na hapo bado. Kinachoua ni ule mgawanyo. Chini ya mstari kuna nafasi ya kukosa, na kadiri nafasi hiyo inavyokaribia sifuri ndivyo jibu linavyofumuka. Troli, zimwi la mchezoni, ana kinga 15 na uhai 84, na kila zamu anajiponya 10. Mwenzako akimwangusha chini, wewe uliye karibu naye unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, nafasi yako inapanda hadi karibu asilimia 88, na kila mnyororo unaingiza mapigo saba na ushei. Jumla inapita 150. Uhai wote wa troli umekwisha kwa zamu moja, na salio linatosha kumzika. Ogre ndiye wa kuhurumiwa zaidi: kinga 11, uhai 59. Hata bila mtu kuangushwa, Kimbunga kinamtolea karibu 125, wakati mpiganaji yuleyule bila kadi angetoa kama 19. Mezani watu wanne wanakaa wakitazama mmoja anarusha dadu, anajumlisha, anarusha, anajumlisha. Mchawi aliyetunza mpira wake wa moto, dadu nane za pande sita, wastani 28, anaonekana amekuja na kiberiti.

Nilimpelekea hesabu hii kwenye karatasi, kwa adabu zote, shikamoo sikutoa kwa kuwa ni mdogo kwangu. Jibu: "Mheshimiwa, huu ni mchezo wa kufikirika, hesabu peleka bungeni." Kwa mji huu ni utani wa kila kijiwe, ningecheka. Akaongeza kwamba asiyejua kuchezesha asisingizie kadi. Hapo ndipo nyota moja ilipodondoka.

Akadai ameijaribu sana na hakuna aliyelalamika. Nikamuuliza, dhidi ya nani? Majoka. Basi nikaelewa kila kitu. Joka jekundu kijana lina kinga 18, mpiganaji wetu analipata nusu kwa nusu, na nusu gawanya kwa nusu ni moja. Kimbunga kinapandisha madhara kutoka 11 hadi 22 tu, na mbele ya uhai 178 nani ataona? Amepima kadi kwa adui anayeficha kasoro yake. Uwezo wa kutunga unapimwa kwa kinga tatu angalau, 18, 15 na 11, kisha unarudia kwa dadu mbili. Ongezeko likikaribiana kote, unaweza kulala. Hapa linaruka mara 2, mara 2.9, mara 6.7. Huo si uwezo, ni bomba limepasuka.

Kuitengeneza si kazi ya ajabu. Kuandika "mara moja kwa zamu" kunaua mnyororo, lakini hakutoshi: dhidi ya kinga 15 madhara bado yanatoka 14.3 hadi 20.6, asilimia 44 zaidi. Toa ile 4 ya nguvu kwenye pigo la nyongeza, ibaki silaha tupu. Sasa nyongeza ni asilimia 28 hivi kwa kinga 15, 24 kwa joka, 31 kwa ogre. Zinakaribiana, umeona? Halafu idai tendo la ziada la zamu hiyo (lile dogo, ambalo ni moja tu kwa zamu), ili mchezaji achague kati ya Kimbunga na mambo mengine, na iwe mara tatu hadi pumziko fupi, yaani wahusika wakae wapumzike kama saa moja ya mchezoni. Usipoweka gharama itatumika kila raundi, na uwezo unaotumika kila raundi si chaguo tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anajua. Kwenye pakiti hiyohiyo kuna Ngao ya Mbuyu: adui akikupiga, tumia itikio lako (tendo moja la kujibu nje ya zamu yako) kukata madhara nusu, mara moja hadi pumziko fupi. Safi mno. Ukitumia itikio huwezi tena kumchapa adui anayekukimbia, na kwa kuwa inakata nusu badala ya kutaja namba, haizeeki: ogre akipiga 13 inakata, joka likipiga 50 inakata. Kwa kadi hiyo peke yake ningempa nne. Kweli kabisa, nne.

Lakini "peleka bungeni"? Mbili.

Au tatu, kwa sharti mrekebishe Kimbunga wenyewe kabla ya kuiweka mezani. Peni ya kawaida haishiki kwenye plastiki ile, inafutika kwa jasho la vidole. Tumia maka peni, na mwandike kwa herufi ndogo, fundi kajaza michoro mpaka pembeni.