Mafunzo ya haki za waandamanaji: nendeni, lakini bebeni kalamu

Mimi hujitolea kutoa huduma ya kwanza kwenye maandamano Nairobi. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, nilikuwa nafunga vidonda barabarani katikati ya jiji bila kujua ni wapi naruhusiwa kupiga magoti na ni wapi siruhusiwi. Kwa hivyo niliposikia kuna mafunzo ya nusu siku kuhusu haki za waandamanaji, nililipa zile shilingi 300 bila kusitasita.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kamba. Wakili aliyetufundisha alitandaza kamba ya manila sakafuni akasema, "Huku ndani ni eneo linalolindwa." Akatufafanulia Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204: waziri akiona pana haja ya kuzuia watu wasioidhinishwa, hutoa amri ya kupatangaza mahali hapo, na tangu hapo huwezi kuwa ndani bila ruhusa ya mamlaka inayotajwa katika amri hiyo. Mama mmoja akainuka, akasogeza ncha ya kiatu chake hadi ikakaribia kugusa kamba.

"Na hapa, wakili?"

"Hapo uko nje, mama. Uko barabarani, na barabarani una Kifungu cha 37 cha Katiba."

Kifungu hicho kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Nami nikauliza langu: majeruhi akiwa ndani ya kamba, naweza kumfuata? Wakili hakunipaka mafuta. Fulana ya huduma ya kwanza si ruhusa, alisema. Jibu liliniuma, lakini afadhali nililipata ukumbini.

Kisha akaeleza mswada wa 2025 wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, uliopendekeza kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Akaishika kamba, akarudi nayo kinyumenyume mpaka ukutani, akatoka nayo mlangoni, tukamsikia kule nje: "Bado!" Ukumbi mzima ulikuwa umemezwa. Nikawaza, ukiwa umesukumwa umbali huo, hiyo karatasi ya malalamiko utamkabidhi nani mkononi?

Sehemu ya kukamatwa ilipitiwa mbiombio kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha: haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ilistahili saa nzima.

Lakini kilichonikera ni kijitabu tulichopewa. Ukurasa wa 6 una "fomu ya kuomba kibali cha maandamano." Kibali gani? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kinadai taarifa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, mahali au njia mtakayopita, tarehe, na muda kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sababu ambayo kifungu hicho kinampa OCS ya kukwambia haiwezekani ni kwamba wengine wamekutangulia kwa taarifa ya siku, saa na mahali hapo hapo. Ruhusa ni ya ndani ya kamba. Nje ya kamba unatoa taarifa. Kijana akienda kituoni na fomu hiyo ataomba, na anayeomba huambiwa "hapana" akarudi nyumbani. Niliwaeleza waandalizi, wakanijibu kuwa vimeshachapishwa. Basi wabandike hata kipande cha karatasi juu yake.

Hata hivyo nendeni, na mkae mbele mwione ile kamba. Mkipewa kijitabu, fungueni ukurasa wa 6 papo hapo, kateni "kuomba kibali", andikeni "kutoa taarifa".