TAHADHARI: Magitaa ya "zamani lakini hayajaguswa", msije mkapigwa kama nilivyopigwa mimi

Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu juu yake. Mliokuwepo mazoezini Jumamosi mliona nilivyoingia na boksi la gitaa nililouziwa, kwa hiyo hayo siyarudii. Naandika kwa ajili ya wengine walioona tangazo la lile duka la vyombo vya muziki na sasa hivi wanakusanya hela.

Tangazo linasema wana magitaa makavu ya miaka ya 1960 na 1970, hayajawahi kupigwa, yamo kwenye maboksi yake ya kiwandani. Vitu hivyo vipo kweli duniani. Duka linafungwa, mwenye mali anafariki, mzigo unasahaulika stoo, warithi wanakuja kuukuta baada ya miaka mingi. Kwa hiyo nilikwenda.

Muuzaji ni mtu mzima, sauti ya upole, ananiita mwanangu. Hakuniharakisha hata kidogo. Alinikalisha, akaingia nyuma, akarudi amebeba boksi refu kwa mikono miwili kama aliyebeba mtoto mchanga. Akalilaza mezani, akatoa kisu kidogo, akanipa mimi. "Fungua mwenyewe, mwanangu, mimi sijawahi kuligusa." Tepu ilikuwa imegeuka manjano, ukiigusa inakatika vipande vipande. Ndani karatasi laini, vumbi, na ile harufu ya mbao zilizofungiwa. Gitaa likatokea: uso wa rangi ya asali, kikaratasi kinaning'inia kwa uzi kwenye kichwa, nyuzi nyeusi kwa kutu. Akaniwashia tochi ya simu, akaniambia nichungulie kwenye tundu. Lebo nyekundu. Yamaha FG-180. Moyo ulinienda mbio. Hizi FG za mwanzo za Yamaha, zenye lebo nyekundu ndani, ndizo wapenzi wa magitaa makavu wanazozitafuta.

Nikataka kukaza nyuzi nisikie sauti. Akanishika mkono, taratibu kabisa. "Usikaze, mwanangu. Nyuzi za miaka hamsini hizi, zikikatika zitakupata jichoni. Nenda kafunge mpya, ndipo ulisikie." Nikamwona mtu anayenijali. Nikaacha. Nikalipa zote, taslimu, pale pale.

Na kabla hamjaniuliza kwa nini niliamini: yule si mtu wa kukutana naye kichochoroni. Ni duka lenye kibao, lenye kaunta, watu tunaowaheshimu wananunua nyuzi na ngozi za ngoma pale. Na mzee mwenyewe anajua mambo. Aliniambia FG-180 ilitoka mwaka 1966, na ni kweli. Aliniambia uso wake si ubao mmoja, ni mbao nyembamba zilizogandishwa, na hilo nalo ni kweli. Tapeli wa kawaida angekudanganya kwamba ni ubao mzima ili bei ipande. Alitanguliza ukweli kwanza ili uongo upite nyuma yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Nyumbani nikamwita fundi afunge nyuzi mpya. Akatoa zile za kutu, akaingiza kioo kidogo tunduni, akamulika. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Wamekwambia la mwaka gani hili?" Nikasema 1968. Akaniambia soma lebo tena, soma jina la kampuni. Imeandikwa Yamaha Corporation. Jamani! Kampuni ile iliitwa Nippon Gakki mpaka mwaka 1987, ndipo ikabadili jina. Lebo nyekundu za kweli zimeandikwa Nippon Gakki. Lebo ya 1968 itaandikwaje jina ambalo halijakuwepo?

Fundi akapitisha ukucha pembeni ya lebo, ikanyanyuka. Gundi bado inanata. Chini yake kuna mabaki ya lebo nyingine iliyochanwa, na kipande cha ile mistari myeusi ya kuskani dukani. Mistari hiyo ilianza kuskaniwa madukani Marekani mwaka 1974. Gitaa ni la juzi, la bei ya chini, limepakwa vumbi na kuvishwa nyuzi zilizooza.

Nikarudi. Mbele ya wateja wengine, yule yule aliyeniita mwanangu akaniambia hanikumbuki. Nikatoa risiti. Akaisoma kwa sauti ili wote wasikie: "Gitaa, moja." Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna namba. "Gitaa si umepewa?" Kijana wa kaunta akacheka. Nimetoka pale nimeinamisha kichwa kama mimi ndiye mwizi.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia habari za kumsamehe kwa sababu ya umri. Anyang'anywe leseni, yale maboksi yote yafunguliwe mbele ya polisi, na kila aliyeuziwa arudishiwe hela yake. Na kijana wake pia, maana yule anajua kila kitu.

Kwa anayetaka kununua kokote kule: ukikatazwa kukaza nyuzi, ondoka. Bila kukaza huwezi kujua kama shingo imepinda au uso umevimba nyuma ya daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, na gitaa lililokaa stoo muda mrefu likiwa na nyuzi zilizokazwa linaweza kuwa na yote mawili hata kama ni halali. Tazama freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo: langu zilikuwa zinang'aa wakati nyuzi zimeoza, na madini ya freti yakikaa miongo hufifia. Risiti iandikwe aina, namba na mwaka. Pale dukani ukutani kuna gitaa la Martin, kampuni ya Marekani, ambalo yule mzee anasema ni la 1965, namba yake eti imefutika. Martin wanagonga namba kwenye mbao ndani ya gitaa tangu 1898, si wino ule, haifutiki hivi hivi. Tena anasema ni rozwudi ya Brazili. Mbao hiyo imewekewa masharti makali ya biashara ya kimataifa tangu 1992, kwa hiyo kama imevushwa mpaka baada ya hapo muulizeni vibali. Muulizeni kwa sauti kubwa, mbele ya wateja, kama alivyonifanyia mimi.

Lebo ninayo, kile kipande cha mistari ninacho, risiti ninayo, fundi amekubali kutoa ushahidi. Kama nawe ulinunua pale, usilipeleke kutengenezwa na usibandue kitu. Piga picha ya ndani kwa tochi, tunza boksi, kisha nitafute tukafungue kesi pamoja.